Kovu lisilojua kukoma: ugonjwa unaokaba mirija ya tumbo na kifua

Mzee mmoja jirani yetu hapa Ngamiani, mjini Tanga, aliyemalizia ujana wake kwenye korona ya mkonge, yaani kiwanda cha kutoa singa, alinijia baada ya Alasiri na karatasi ya rufaa iliyokunjwa mara nne. "Mwanangu, wewe mtu wa kusomasoma. Hebu nitegulie hiki kitendawili." Karatasi ilikuwa na majibu ya damu, majibu ya ultrasaundi, na chini kabisa mstari wa mwandiko wa daktari ukitaja fibrosisi ya nyuma ya peritoneo. Mwisho wa mstari kulikuwa na alama ya kuuliza. Mzee hakuiona. Alichoona yeye ni neno refu la hospitali, na kwa watu wa umri wake neno refu la hospitali lina maana moja tu.

"Kansa, sio?"

Nilimjibu kwamba kilichoandikwa pale si kansa, na kwamba hata aliyekiandika bado anauliza. Hilo ndilo jibu fupi. Jibu refu lilinichukua siku tatu kulipanga, maana chini ya jina hilo moja kuna kamba nyingi zilizofungana.

Tuanze na kovu. Ukijikata kwa panga shambani, damu huganda, askari wa kinga hufika kusafisha, kisha huja seli ziitwazo fibroblasti. Kazi yao ni kusuka nyuzi za kolajeni kuziba pengo. Aliyewahi kusimama korona akaona jani la mkonge likiingia mashineni na singa zikitoka upande wa pili, tayari ana picha ya kolajeni: nyuzi ndefu, ngumu, zisizovutika, zimelala tita kwa tita. Kidonda kikishafunga, mafundi hawa huambiwa waondoke. Kovu linabaki pale, linasinyaa, na mwenye mkono anarudi shambani.

Fibrosisi ni pale mafundi wasipoondoka. Wanaendelea kusuka mahali pasipo na pengo, na singa zinajazana. Kovu hilo halili nyama ya jirani kama saratani ifanyavyo, wala halirushi mbegu kwenda kwenye ini au mapafu. Linakaba tu. Kwa hiyo mgonjwa hafiki hospitali akilalamikia kovu. Analalamikia kile kilichokabwa. Huyu figo, yule mguu, mwingine uso uliovimba asubuhi. Ukilishika hilo, mengine yote ya ugonjwa huu yanaanza kueleweka.

Nyuma ya matumbo

Wachinjaji wanaujua mwili wa ndani kuliko wengi wetu. Mbuzi akishatolewa matumbo, kinachobaki kimegandamana na uti wa mgongo ni figo mbili zilizozama kwenye mafuta, mshipa mkubwa wa damu unaoshuka katikati, na vijirija viwili vyembamba vinavyotoka kwenye figo kwenda kibofu. Kati ya matumbo na eneo hilo kuna utando mwembamba, peritoneo. Nyuma ya utando huo ndipo kovu letu la tumboni linapoota.

Mara nyingi linaanzia kandokando ya ule mshipa mkubwa, aota, chini ya figo, karibu na pale unapogawanyika kwenda miguuni, usawa wa kitovu hivi. Aota ina ukuta mnene na msukumo mkubwa wa damu, haizibwi kirahisi. Mirija ya mkojo haina ubavu huo. Upana wake ni milimita chache, na kovu likienea pembeni huivuta kuelekea katikati na kuibana. Mkojo unakwama juu, figo inajaa na kuvimba, na pasipokuwa na anayejua, inakufa kimyakimya. Mshipa mkuu unaorudisha damu kutoka miguuni nao unaweza kubanwa, na miguu ikajaa maji au damu ikaganda ndani yake.

Dalili za mwanzo hazina sura. Maumivu butu ya kiuno au ubavu, yasiyojali umelala au umekaa. Uchovu, kupungua uzito, hamu ya kula kukimbia, mara kijihoma kidogo. Mzee wangu alikaa nayo miezi. Nyumbani walisema ni mgongo wa mkonge, maana kila aliyewahi kubeba matita ana mgongo unaouma, na duka la dawa likampa diklofenaki. Ilimpunguzia, kusema kweli. Ila diklofenaki ni dawa ambayo figo iliyokwishabanwa haiipendi hata kidogo.

Pwani hii ina majibu yake tayari

Hapa ndipo Tanga inapoleta tabu yake yenyewe. Kovu la nyuma ya peritoneo likibana mishipa ya damu inayotoka kwenye korodani, mwanamume anaweza kupata maumivu ya korodani au busha. Sasa niambie, kuanzia Pangani mpaka Mkinga, nani ataona busha akafikiria kitu kingine zaidi ya mbu na minyoo ya matende? Mguu ukivimba, jibu ni lilelile. Na mara nyingi jibu hilo ni sahihi. Matende yamekaa pwani hii muda mrefu, na kampeni za kugawa dawa nyumba kwa nyumba hazikuanzishwa kwa mchezo.

Kisha kuna kichocho cha mkojo, ambacho ndicho hasa kinachochanganya. Mayai ya minyoo ya kichocho hunasa kwenye ukuta wa kibofu na sehemu ya chini ya mirija ya mkojo, mwili ukayazungushia makovu, na mwisho wake figo ikajaa kama ile ya mzee wangu. Kwenye ultrasaundi zote mbili ni figo iliyovimba. Tofauti iko kwenye upande wa mkono unaokaba: kichocho hukaba kutoka ndani ya ukuta wa mrija, chini, karibu na kibofu, ugonjwa huu hukaba kutoka nje, juu zaidi. Anayekojoa damu mwishoni mwa mkojo na aliyekulia kwenye mabwawa na vijito apimwe kichocho kwanza. Tezi dume na mawe ya figo navyo vipo kwenye foleni hiyo, na vyote ni vya kawaida kuliko kovu hili.

Na lenyewe ni nadra kiasi gani? Nchini Finland watafiti walikadiria mgonjwa mpya 1 kwa kila watu milioni 1 kwa mwaka. Uholanzi, walipotafuta kwa makini zaidi, wakapata 1.3 kwa kila watu 100,000. Tofauti ya zaidi ya mara kumi baina ya nchi mbili za Ulaya zenye hospitali nzuri! Mkoa wa Tanga ulikuwa na watu zaidi ya milioni 2.6 katika sensa ya 2022. Kwa kipimo cha Finland tungepata wagonjwa wapya wawili au watatu kwa mwaka. Kwa kipimo cha Uholanzi, thelathini na kitu. Hiyo ni hesabu ya vidole, isichukuliwe kuwa takwimu ya Tanga. Lakini inanifanya niamini kwamba uchache wa ugonjwa huu kwa sehemu ni uchache wa macho yanayoutafuta. Huwapata zaidi wanaume, kwa makadirio mara mbili au tatu ya wanawake, na zaidi kati ya miaka 40 na 60.

Majina mengi, mgonjwa mmoja

Daktari wa kwanza kuueleza alikuwa Joaquín Albarrán, mzaliwa wa Kuba aliyefanya kazi Paris, mwaka 1905. Maneno yake yakasahaulika. Mwaka 1948 Mmarekani John Ormond akaandika kuhusu wagonjwa wawili wenye mirija ya mkojo iliyobanwa, na ulimwengu ukasikia. Mpaka leo vitabu vingine vinauita ugonjwa wa Ormond. Ndivyo ulivyo umaarufu.

Mwaka 1967 ikachapishwa habari ya ndugu wawili wa Marekani ambao kati yao walikuwa na kovu nyuma ya peritoneo, kovu katikati ya kifua, kovu kwenye njia za nyongo, tezi ya shingo iliyogeuka ngumu kama ubao, na uvimbe nyuma ya jicho. Waandishi wakauliza: je, haya yote si ugonjwa mmoja unaobadilisha nyumba? Swali hilo lilikaa zaidi ya miaka thelathini. Mwaka 2001 madaktari wa Japani waliokuwa wakichunguza kongosho lililokakamaa wakakuta kwenye damu ya wagonjwa wao wingi wa kingamwili iitwayo IgG4. Mwaka uliofuata wakaonyesha uhusiano wake na kovu la nyuma ya peritoneo. Tangu hapo tunajua kwamba sehemu ya wagonjwa hawa, si wote, wana ugonjwa wa kinga ya mwili unaoweza kuota kwenye kongosho, tezi za mate, tezi za machozi, figo, aota au kifuani, na ndani ya kipande cha nyama chini ya hadubini singa zake huonekana zimesukwa kwa mzunguko, kama mkeka ulioanzia katikati.

Wengine kovu lao lina mzazi anayejulikana: limfoma, yaani saratani ya tezi za limfu, saratani iliyotoka kwingine, mionzi ya tiba, kifua kikuu, au dawa fulani za kipandauso za zamani. Vumbi la asbesto na sigara navyo vimehusishwa. Lakini wapatao theluthi mbili hawapatiwi chanzo. Madaktari wana neno zuri la Kigiriki la kusema hivyo, na sioni faida ya kulitohoa.

Kifuani, na habari ya popo wa Amboni

Watu wakisikia fibrosisi ya kifua hufikiri mapafu. Kuna ugonjwa wa mapafu kugeuka kovu, ila huo ni mwingine kabisa. Huu tunaouzungumza hukaa kwenye ile nafasi ya katikati, baina ya pafu la kulia na la kushoto, iitwayo mediastino. Ni njia panda yenye msongamano: moyo, koromeo la hewa, umio, mshipa unaorudisha damu ya kichwa na mikono, mishipa ya kwenda na kurudi mapafuni, na tezi za limfu zilizojibanza katikati yao. Kovu likiota hapo, dalili hutegemea limemkaba nani. Mshipa wa juu ukibanwa, uso na shingo huvimba, hasa asubuhi, na mishipa ya shingoni husimama. Njia ya hewa ikibanwa, kikohozi na pumzi fupi. Mishipa ya mapafu ikibanwa, mtu anaweza kukohoa damu. Na kwetu kukohoa damu ni TB mpaka ithibitike vinginevyo, jambo ambalo ni la busara.

Marekani, hasa mabonde ya mito Ohio na Mississippi, chanzo kikubwa cha kovu hili ni kuvu iitwayo Histoplasma capsulatum. Huishi kwenye udongo uliochanganyika na mavi ya popo na ndege. Udongo ukitimuliwa, mbegu zake huvutwa na pumzi. Aliyeigundua ni Samuel Darling huko Panama, mwaka huohuo wa 1905, naye alidhani ameona mdudu wa aina nyingine kabisa.

Mkazi wa Tanga atakuwa ameshaelewa ninakoelekea. Mwaka 1960 jarida la kitabibu la Marekani lilichapisha ripoti iliyotaja Mapango ya Amboni kuwa eneo jipya la kuvu hii. Mapango yetu haya haya, kilomita chache kaskazini ya mji, tuliyopelekwa na shule, yenye mzimu wa Mabavu na visa vya Osale Otango kujificha humo. Popo wake ni wengi mno, na sakafu yake kila mtu anaijua kwa harufu.

Tafadhali asije mtu akaichukua aya hiyo peke yake akaitupa kwenye kundi la WhatsApp. Wengi wanaovuta mbegu za kuvu hii hawaugui chochote, au hupata kitu kama mafua na kupona. Haiambukizi kutoka mtu hadi mtu. Wachache huugua mapafu kwa namna inayofanana sana na TB. Na wachache mno kati ya wachache hao, baada ya miezi au miaka, mwili wao unaendelea kupigana na mabaki ya kuvu kwenye tezi za kifuani na kusuka singa bila kikomo. Kuvu yenyewe mara nyingi imeshakufa wakati huo. Ndiyo maana dawa za kuvu huwa hazisaidii kovu hili, na steroidi, dawa za kutuliza kinga na uvimbe, nazo mara nyingi hugonga mwamba kwa aina hii iliyotokana na kuvu. Kinachosaidia ni kupanua mshipa uliobanwa na kuuwekea stenti, yaani kijineli cha waya. Upasuaji wa kulichonga kovu katikati ya mishipa ile ni wa hatari, na wanaoujua huukimbilia mwisho.

Kwa hiyo Amboni nendeni. Anayetumia dawa za kupunguza kinga, au anayeishi na VVU na kinga yake iko chini, aongee na daktari wake kwanza. Wa kuhofia zaidi kuliko mtalii wa saa moja ni yule fundi anayepanda dari la nyumba ya zamani kukwangua mavi ya popo ya miaka ishirini bila barakoa. Yaloweshwe kwanza, vumbi lisipae, na pua na mdomo vifunikwe vizuri.

Alama ya kuuliza hutolewaje

Turudi kwenye karatasi ya mzee. Ultrasaundi ilionyesha figo zimejaa maji. Haikuonyesha nani anazibana, maana hewa ya matumbo huficha kilicho nyuma. CT skani au MRI ndiyo inayoliona kovu lenyewe limeuvaa mshipa mkuu, na mirija ikivutwa ndani. ESR na CRP, vipimo vya damu vinavyoonyesha kuna uvimbe mwilini, huwa juu kwa wengi, ila kuwa sawa kwake hakumfungui mtu kifungo. Kreatinini, kipimo cha damu cha kazi ya figo, nayo ina hila: figo moja inaweza kuwa inakufa huku majibu yakisema vizuri, kwa sababu ya pili inabeba mzigo wa mbili. Kipande cha nyama huchukuliwa pale kovu lilipokaa kwa namna ya kutia shaka, au tiba ikigoma, na hasa kuitoa saratani mezani. Hapo ndipo lile swali la kwanza la mzee linapopewa heshima yake. Hakuwa mjinga kuuliza.

Tiba ina haraka mbili. Ya kwanza ni kufungua mkojo: stenti ndani ya mrija kupitia kibofu, ambayo hubadilishwa kila baada ya miezi kadhaa, au mrija unaopitishwa mgongoni moja kwa moja mpaka kwenye figo. Hii haingoji jina la ugonjwa. Ya pili ni kuwatuliza mafundi wanaosuka, na hapa wakati ni kila kitu. Kovu changa limejaa seli za uvimbe na majimaji. Ni saruji mbichi, inafinyangika. Kovu kuukuu ni saruji iliyokwishakaza, na hakuna kidonge kinachoirudisha kuwa tope. Kwa aina isiyo na chanzo, na ile ya IgG4, dawa ya kwanza ni prednisoloni, kwa kawaida miligramu 0.75 hadi 1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, mwezi wa kwanza, kisha hupunguzwa polepole kwa miezi mingi. Maumivu huweza kuisha ndani ya siku chache, na huo ndio mtego wa watu kuacha dawa. Wasiovumilia steroidi wanaweza kupewa methotreksati, azathioprini, mikofenoleti, rituksimabu, au tamoksifeni. Hii ya mwisho ni dawa ya saratani ya matiti. Mzee akiandikiwa, asidhani duka limekosea.

Nimeitaja dozi kwa wasiwasi, kwa sababu najua prednisoloni na deksamethasoni zinavyopatikana madukani. Mwenye TB iliyojificha akimeza steroidi kwa dozi hiyo bila TB kutafutwa kwanza, anaiamsha. Mwenye minyoo ya strongiloidi, ambayo huishi mwilini miaka bila kelele, anaweza kufa nayo. Sukari hupanda, presha hupanda, mifupa hulegea. Zaidi ya hapo, ikiwa kovu lilizaliwa na limfoma, steroidi huisinyaza kwa muda na kumficha mwenye hatia asionekane kwenye kipande cha nyama. Daktari anayekawia kuandika steroidi mpaka majibu yarudi anafanya kazi yake.

Na ugonjwa hurudi. Dozi ikishushwa, au mwaka mmoja, mitatu baadaye, mafundi wanaweza kuingia tena kazini. Kwa hiyo picha za zamani zisitupwe, zile sidii za CT wanazopewa watu wakaishia kuwapa wajukuu wachezee. Picha ya leo haina maana kubwa bila ya jana ya kulinganisha.

Mzee alisikiliza yote haya akikuna kidevu. Hakuniuliza habari ya kolajeni. Aliuliza kama kwa stenti ataweza kuswali na udhu wake ukakaa, nikamwambia stenti iko ndani kabisa, mkojo utatoka kwa njia yake ya kawaida, ingawa mwanzoni unaweza kumbana mara kwa mara na kuwa na damu kidogo. Ule mrija wa mgongoni ndio wenye mfuko, na hilo akamuulize shehe. Kisha akataka nimwandikie kwa herufi kubwa, kwenye nyuma ya bahasha, mambo matatu ya kumuuliza daktari wa Moshi, alikopewa rufaa: figo ipi imebaki na nguvu, TB imetafutwa wapi, na stenti inabadilishwa lini. Bahasha aliitia kwenye mfuko wa kanzu, pamoja na nauli ya basi la alfajiri.